Chupa Sitini za Bordo

Chupa zote sitini zilikuwa tupu, lakini hakuna hata moja iliyovunjwa. Zililala kwenye rafu katika ghala la chini ya nyumba, karatasi za jina zikitazama juu, kila moja imerudishiwa kizibo chake. Kufuli la mlango lilikuwa limevunjwa kwa jembe, na jembe lenyewe liliachwa hapo hapo kizingitini.

"Jembe ni la Wanjugu, yule wa bustani," alisema Bwana Hartwell, mwenye shamba. "Mkikuyu. Lori la kizuizini linapita hapa Kabazi saa tisa. Mpakie, Inspekta, tumalize."

Inspekta Kiptanui alitazama saa yake. Saa saba na robo. Mwaka huo wa 1956, wakati wa hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, Mkikuyu aliyepandishwa lori lile hakurudi kuulizwa maswali, na jambo hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe.

"Ni mvinyo gani huu, bwana?"

"Mwekundu, wa Bordo, Ufaransa. Niliununua miaka miwili iliyopita ukiwa bado kwenye pipa, kabla haujatiwa chupani. Ulifika Jumatano. Ijumaa nikaonja."

"Ulikuwa mzuri?"

"Mchanga mno! Huu ni wa kuwekwa. Miaka kumi na mitano zaidi, ndipo unyweke."

Kulipia kinywaji kabla hakijatiwa chupani, kisha kukingoja hadi mvi zikuote! Kiptanui aliumeza mshangao wake.

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani Nakuru, kisha chakula cha mchana. Nilirudi jioni."

Kiptanui aliinama rafuni. Vizibo vilikuwa vizima. Vifuniko vya risasi, ile metali laini inayofunika kizibo, vilikatwa sawasawa chini ya mdomo. Sajini Kipsang alikuwa amenyunyiza unga wa alama za vidole, asipate hata moja. Chupa zote zilikuwa zimepanguswa. Nje, kwenye mtaro wa jikoni, udongo ulikuwa umelowa wekundu na ulinuka uchachu wa mvinyo.

Alirudi jikoni akaagiza chupa mbili za mvinyo wa kawaida ziwekwe mezani. Wanjugu akaletwa, pingu zikafunguliwa.

"Fungua moja."

Wanjugu alikigeuzageuza kizibuo mkononi. "Hii chuma ni ya nini, afande?"

"Fungua tu."

Akahangaika weeee, mwishowe akakisukuma kizibo ndani kwa kijiti. Mvinyo ukamrukia shati. Hartwell akatukana.

"Mzee Khaemba," Kiptanui alimgeukia mpishi na mtunza ghala, mtu wa Kimilili aliyevaa kanzu nyeupe, "nawe fungua ya pili."

Nicodemus Khaemba aliichukua bila kufikiri. Akakata kifuniko cha risasi chini ya mdomo. Akapangusa kwa kitambaa. Akazungusha kizibuo, kizibo kikatoka bila sauti. Akapangusa tena, kisha akaigeuza chupa karatasi ya jina imtazame bwana wake.

Hapo mkono ukasimama.

"Mwizi gani anapangusa mdomo wa chupa anayoimwaga?" Kiptanui aliuliza polepole.

Khaemba aliiweka chupa mezani.

"Mzee, lori linakuja. Huyu Wanjugu ana watoto."

Khaemba alikunja kitambaa mara nne. "Ni mimi. Jembe nililichukua tu ionekane mlango umevunjwa, nikidhani mtatafuta wezi wa barabarani. Nisamehe, Wanjugu."

"Kwa nini?" Hartwell alifoka. "Nimekukosea nini?"

Khaemba alimjibu Inspekta. "Miaka saba naomba kwenda kwa mke wangu Nanyama. Bwana anasema ghala halina mwingine, na karatasi zangu za kusafiria amezifungia. Mwaka juzi nilitoroka. Wewe mwenyewe, afande, ulinishusha kwenye garimoshi pale stesheni ya Nakuru kwa kukosa karatasi."

Kiptanui alimtazama vizuri. Hakumkumbuka. Walikuwa wengi mno aliowashusha, na aibu ikamwingia.

"Bwana akaninunua kwa ahadi," Khaemba aliendelea. "Akasema, 'Mvinyo wa Bordo ukifika, Nicodemus, natia sahihi, unaenda.' Nikangoja. Ijumaa akaonja, akatema. Akasema, 'Bado. Utautunza wewe mpaka uive.' Nina miaka hamsini na minane."

"Ningekupa likizo!" alisema Hartwell.

Lori lilipiga honi barabarani, likapita. Wanjugu alikaa chini ghafla, akalia.

"Jela ni muda gani, afande?" Khaemba aliuliza.

"Miaka miwili. Mitatu, hakimu akikasirika."

"Halafu?"

"Halafu lazima wakuache uende kwenu."

Khaemba alivua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kando ya chupa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi funga haraka, afande. Nisije nikachelewa kuanza kuhesabu."