Joto la Chumba cha Nyuma

Stéphanie alitaka joto tu. Ilikuwa Juni ya mwaka 1993, na baridi ya miezi isiyo na mvua ilikuwa imeishika Kolwezi; asubuhi mtu akisema, pumzi yake inaonekana. Mume wake Mukuna, karani mgodini, alikuwa amepewa nyumba ya fundi Mpoyi, Mkasai aliyefukuzwa pamoja na mkewe na mtoto wao, kama Wakasai wote wa mji ule. Wenyewe walikuwa stesheni na umati wa wenzao, wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai.

Chini ya dirisha la chumba cha nyuma, alimolala binti yao Fidélie, kulikuwa na mashine ya hewa: wakati wa baridi inapasha, wakati wa joto inapoza. Ilikuwa imekufa.

"Ni Mpoyi njo aliiweka," Stéphanie akasema wakinywa chai. "Tumwite aitengeneze. Atapata chakula ya mutoto."

Mukuna akaweka kikombe chini. "Utamwita mutu kuja kutumika kazi mu nyumba yake mwenyewe? Na bale bijana ba barabarani, bale banafukuza Bakasai, batatuona."

Basi wakamchagua Mwenze, fundi wa mtaa wa pili, aliyesema ya zamani haifai, itolewe, iwekwe mpya. Alifanya kazi safi. Jioni ile Fidélie alilala bila soksi.

Wiki haikuisha. Alasiri moja Stéphanie alimkuta binti yake amekaa sakafuni mbele ya mashine, akisukuma pembe ya blanketi lake ndani ya matundu.

"Unafanya nini?"

"Kuko mutoto kule nyuma, mama. Anasikia baridi. Anaomba nafasi."

Stéphanie akatoka, akazunguka nyumba. Ukuta. Vumbi. Hakuna alama ya mguu. Akarudi, akainama. Hewa ilikuwa ya moto, lakini ilinuka moshi wa makaa na nguo mbichi. Ikapuliza. Ikakatika. Ikapuliza tena.

Kisha ikakohoa.

Alimbeba Fidélie mgongoni, akachukua lile blanketi, akaenda stesheni bila kumwambia mumewe. Elise, mke wa Mpoyi, alikuwa amekaa peke yake chini ya turubai, katikati ya mizigo. Walijuana kanisani. Stéphanie akauliza habari za mtoto, Mushiya.

"Tulimuzika juma ilipita," Elise akasema. "Ni baridi. Kila siku alikuwa anasema, turudie kwetu, chumba yangu iko na moto."

Akamtazama Fidélie mgongoni, kisha akasogea karibu, akanong'ona.

"Mama Stéphanie. Alifika?"

Stéphanie aliliweka blanketi magotini mwa Elise, akaondoka, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Nyumbani alimweleza Mukuna yote. Mukuna hakubisha. Asubuhi akamleta Mwenze.

"Toa."

"Muache," Stéphanie akasema. "Tutamufukuza mara ya pili?"

"Toa," Mukuna akarudia, bila kumtazama mkewe.

Mwenze akachomoa plagi. Mashine iliendelea kupuliza. Akaiangalia plagi mkononi mwake, akamwangalia Mukuna. Hewa ilitoka kwa haraka sasa. Fupi. Fupi. Kama ya mtoto aliyejificha, anayesikia watu wanakaribia.

Mwenze aliing'oa kwa nguvu, akaziba tundu kwa matofali. Fidélie alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipoulizwa analilia nini, alisema mwenzake amebaki nje.

Kabla mwezi haujaisha walihamia Lubudi, kwa dada yake Mukuna. Stéphanie alirudi stesheni mara moja kumtafuta Elise. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka.

Nyumba ile ingalipo. Wengi wameingia na kutoka. Mwanamke anayeishi humo sasa hajui habari hizi. Anajua tu kwamba wakati wa baridi yale matofali huwa na joto, naye huanika hapo nepi za mtoto wake. Analalamikia jambo moja: rangi haidumu pale. Kila mwaka mumewe anapaka upya, na kila mwaka inachubuka mahali pale pale, chini, kimo cha mtoto aliyekaa, kama pale mtu anapoegemeza mgongo.