Saa Sita Angani

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, kwa muuza kenkey, ule ugali wa mahindi uliochachushwa, Kaneshie.

"Simu yake ndiyo king'ora," alisema Tawiah. "Sefu ikiguswa, simu ya Mzee Asamani inalia, na ni yeye tu anayeita polisi. Akiwa hewani, simu imezimwa. Nani atasikia?"

Kwei alicheka. Alikuwa fundi wa kufuli, hajapata kupanda ndege. Tawiah alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Dedei. Na Dedei, karani katika ofisi ya dhahabu ya Asamani, ndiye aliyemkatia mzee tiketi.

"Johannesburg mpaka hapa Accra, kilomita elfu nne mia sita na ushei. Saa sita angani, hatui popote. Anaruka saa sita mchana, anatua kumi na mbili jioni. Tunaingia saa nane, tunatoka kumi na moja. Swali?"

Kwei alimgeukia dada yake. "Dada, una hakika?"

Dedei alikuwa akichambua samaki. Hakuinua macho. "Sita na sita ngapi, Kwei? Kula."

Saa nane mchana. Funguo za Dedei ziliwaingiza ofisini, Osu, kwa mlango wa nyuma.

Saa tisa na nusu sefu ya kwanza ilisalimu amri. Dhahabu tupu. Tawiah alijaza mabegi mawili, akayabeba huku akihema.

"Nayapeleka kwa Dedei garini. Malizia ya pili."

"Si tutoke pamoja, bwana?"

"Haraka ya nini, shemeji? Mzee yuko juu ya Kongo huko, anatafuna kuku."

Kwei akacheka tena, akashika keekee yake.

Saa kumi na dakika kumi. Gari lilifunga breki nje.

"Shemeji?"

Zilikuwa buti za polisi. Akalazwa kifudifudi, pingu zikamuuma.

Inspekta alichuchumaa karibu na sikio lake. "Ulijipa mpaka saa ngapi, kijana?"

"Kumi na mbili. Ndege imeondoka saa sita."

"Saa sita ya kule! Wao wako mbele yetu kwa saa mbili, we bwana. Hapa ilikuwa saa nne. Mzee katua saa kumi, kawasha simu, ikapiga kelele ndege nzima ikageuka." Alimtazama kwa huruma. "Aliyekupigia hesabu hii alitaka tukukute."

Kwei akaipiga hesabu upya. Tawiah kule ameenda mara tatu. Na Dedei? Miaka minane anamkatia mzee tiketi, kila wiki anapiga simu Johannesburg. Mama yao alipofariki, Dedei ndiye aliyemlea. Leo amemwambia ale.

"Ulikuwa na nani?"

Jina la Tawiah lilitoka upesi, pamoja na tusi. La pili lilikwama. Inspekta hakumharakisha. Alisubiri, kalamu mkononi, mpaka Kwei akalitaja jina la dada yake.