Upande Uliokatwa

Kama ulipata kuishi Lindi mjini miaka ile deki za mtumba zilipokuwa zikiingia kwa wingi kutoka Dubai, na kila mwenye kamera akajiita studio, basi huenda ulimfahamu Cletus. Chumba chake kilikuwa jirani na soko, kina feni moja, kompyuta moja na deki ya VHS aliyoitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Haya nilisimuliwa na mkewe, Consolata, ambaye ni binamu yangu, na si mwanamke wa kutunga maneno.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Cletus alikuwa anakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha alipoingia Stefania, mjane kijana kutoka Rutamba, ana kamera begani na mkanda mdogo kaufunga kwenye leso. Ulikuwa mkanda wa harusi yake. Mumewe, Valentini, alikuwa akiwanunulia korosho wafanyabiashara binafsi walioingia mikoa ya kusini baada ya soko kuachiwa huru. Hakumaliza hata msimu mmoja tangu aoe. Lori walilopakia magunia lilipinduka njiani, naye alikuwa juu ya mzigo.

Harusi ile ilipigwa video na Deo, binamu wa marehemu, kwa kamera hiyo hiyo, mpya, ya HD, aliyoshuka nayo kutoka Dar es Salaam. Picha pana, safi, unaona mpaka jasho kwenye paji la uso. Tatizo ni kwamba mkanda wake haukuingia kwenye deki yoyote ya Rutamba, na mama wa marehemu, Mama Romana, macho yalikuwa yanamzimika. Hospitali walishamwambia asitegemee kitu. Alichotaka ni kimoja tu, amwone mwanawe usoni mara moja kabla giza halijamfunga, kwenye televisheni yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake.

"Usiupoteze uso wake, kaka Cletus," Stefania alimwambia. "Hayo mengine hata yakiharibika, basi."

Cletus alimwambia aondoe shaka, na hakuwa anajigamba bure. Wenzake mjini walikuwa wakichomeka waya kutoka kwenye kamera hadi kwenye deki, wanabonyeza, wanakwenda kucheza bao, na picha inatoka imechoka. Yeye aliiingiza kwanza kwenye kompyuta, akaipunguza ukubwa taratibu kwa uangalifu, ndipo airekodi kwenye kanda mpya kwa mwendo wa kawaida, si ule wa kubania ili kanda ichukue saa nyingi.

Kilichomsumbua kilikuwa upana. Televisheni za wakati ule zilikuwa karibu mraba, na picha ya HD ni pana. Ukitaka kuiweka nzima, unapata mistari myeusi juu na chini, na bwana harusi mmoja wa Sudi alishamrudishia kanda kwa hasira akidai amepunjwa nusu ya video. Tangu siku hiyo Cletus alikuwa hataki kusikia habari ya mistari myeusi. Dawa yake ilikuwa kukata pembeni.

Kwenye harusi ya Valentini, ua mzima ulijaa watu isipokuwa upande wa kushoto. Pale palikuwa na msolo, mti wa kutambikia, na chini ya msolo nusu ya kibuyu imefunikwa. Cletus alijua ni nini, maana hata kwao Newala wanafanya. Kabla ya shughuli unamimina unga wa mtama kwa vidole, taratibu, mpaka usimame kama kichuguu kidogo, unawataja wazee waliotangulia, unafunika mpaka asubuhi. Ukikuta umeporomoka, wamekataa. Ukikuta umesimama, wamepokea. Lakini familia ile ni ya kanisani, na Cletus alijua kanda za harusi huzunguka nyumba hadi nyumba mpaka zikafika kwa padri. Akaona anawasitiri. Akakata upande wa kushoto, msolo na kibuyu chake.

Kanda ya kwanza ilimtia aibu. Watu wote walikuwa ukungu, na Valentini ndiye aliyezidi, uso wake bapa, hauna macho. Lakini mwisho wa picha, kushoto, alikaa bibi mmoja aliyejifunga kaniki, anaonekana sawasawa, kila kunyanzi la shingo. Cletus hakumkumbuka. Akadhani ni mwalikwa.

Akafungua deki. Kichwa cha deki, kile kinachogusana na kanda, kilikuwa na vumbi jeupe. Akalilaani soko zima kwa kuuza kanda zenye ukungu, akachovya kitambaa kwenye spiriti, akafuta, akarudia kazi.

Kanda ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Akalaumu umeme unaopanda na kushuka, akanunua kanda nyingine. Ikawa vilevile. Akamlaumu Deo na kamera yake. Akafuta tena lile vumbi, akarekodi tena, na wakati huo wateja wengine wanagonga mlango anawafukuza. Consolata anasema hajawahi kumwona mumewe na hasira kiasi kile, mtu mpole, anapigapiga meza kwa kiganja na machozi yanamlenga. Alikuwa ameahidi uso. Kila alivyojitahidi, uso ulizidi kuyeyuka.

Na bibi alizidi kusogea. Kanda ya kwanza alikuwa pembeni. Sasa alikuwa nyuma ya kiti cha bwana harusi.

Cletus akarudi kwenye kompyuta, akaangalia picha ya asili. Valentini yupo, anacheka, uso safi. Bibi hayupo. Akaangalia kanda. Bibi yupo. Akarudi tena kwenye kompyuta. Hayupo.

Ubora haukuwa unapotea. Ulikuwa unahamia kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo hasira ilipogeuka woga. Akamwita Stefania. Alifika mchana wa jua kali, mlango uko wazi, kelele za soko zinaingia. Aliangalia kidogo tu. Akaweka mkono mdomoni.

"Huyo ni Bibi Genoveva," alinong'ona. "Mama mzaa baba yake Valentini. Tulimzika kabla ya harusi."

Stefania alipeleka habari Rutamba, akarudi na neno la Mama Romana. Mama hakushangaa wala hakulia. Aliuliza tu, upande wa msolo uko wapi. Cletus alipoeleza kwamba aliukata, tena kwa nia njema, Stefania alitazama sakafu. Mama alikuwa ameagiza hivi, kwamba bibi alitengewa nafasi yake akakaa huko, sasa kafukuzwa na kaingia ndani kutafuta pa kukaa. Arudishiwe upande wake.

Cletus akaiweka picha nzima, na mistari yake myeusi. Wakati ikirekodiwa aliigeuza televisheni ielekee ukutani. Kanda ilipotoka, akafungua deki. Vumbi lilikuwa limejaa tena. Safari hii akalisugua kidogo kati ya vidole, akanusa.

Ulikuwa unga wa mtama.

Akaufuta. Angefanya nini? Ndiyo kazi yake, kusafisha.

Akaenda Rutamba mwenyewe kwa pikipiki. Akampa Mama Romana shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa upole mkubwa, mpaka akaona haya. Stefania akawasha jenereta. Mama akasogeza kigoda, akaketi karibu kabisa na kioo, pua inakaribia kugusa.

Mistari myeusi ilikuwepo. Ua ulikuwepo. Bibi harusi alikuwepo, amekaa, anatabasamu.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Stefania aliyekuwa kwenye picha alikata keki. Akailisha hewa.

Stefania aliyekuwa chumbani alitoka nje. Mama Romana hakugeuka. Alikuwa amegusa kioo kwa kidole, kushoto, chini ya msolo. Pale alikaa Bibi Genoveva na kaniki yake. Pembeni yake, ardhini, na suti yake ya harusi, alikaa Valentini. Picha yake ilikuwa safi. Unaona kope. Unaona kifungo kilicholegea.

"Nimemwona," alisema Mama Romana. Alisema kwa furaha, na Cletus akajikuta naye anafurahi. Ahadi ilikuwa imetimia.

Mama aliendelea kutazama. Kidole chake kikasogea kidogo juu ya kioo.

"Baba," alimnong'oneza Cletus. "Mbona hukuniambia kama na wewe ulialikwa?"

Cletus hakuwahi kukanyaga kwenye harusi ile. Aliinama, akatazama. Nyuma ya Valentini alisimama mtu. Shati lilikuwa lake. Uso ulikuwa wake. Mkononi alishika kitambaa cha kufutia deki, na kitambaa kimejaa unga. Bibi alikuwa akisogea, anampisha akae.

Alirudi Lindi hajui njia aliyopita. Chumba kilikuwa kimefungwa kama alivyokiacha, na feni alisahau kuizima, inazunguka kwa kasi yake yote, makaratasi yametapakaa sakafuni. Juu ya deki ulikuwa umesimama unga wa mtama, kichuguu kidogo chenye ncha kali. Upepo wa feni uliupiga, na haukupeperuka hata chembe.

Hakuufuta. Consolata anasema asubuhi walikwenda wote wawili kuutazama, wameshikana mikono, wanaomba wakute umeporomoka.

Ulikuwa umesimama.