Taa za Sbiba

"Jua limekataa kuzama."

Lasaad Rtimi aliusoma ujumbe kwenye Nokia yake mara moja tu, akakanyaga mafuta. Isuzu iliruka shimo.

Kwa lugha ya mafumbo ya Idara ya Ujasusi, maana yake ilikuwa moja. Zima taa za mashambani Sbiba, hata kwa risasi.

Akanyakua redio.

"Kituo, kuna nini?"

"Tumenasa simu ya yule mwekezaji wa kigeni, Verhaak," sauti ya Kanali Ayari ilijibu. "Taa alizotupatia bure si za kunasa wauza mafuta ya magendo. Ni za kuua miche ya mitufaha. Ikikosa giza refu la vuli, haijiandai kwa baridi. Umande ukiganda, inakufa yote, naye ananunua mashamba na chemchemi kwa bei ya kutupa."

"Umande unaganda lini?"

"Usiku huu."

Akakanyaga mafuta zaidi. Taa zilitoka kwa Verhaak, ndiyo. Lakini aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wakulima alikuwa yeye. Aliyesimika nguzo ya taa na kamera katikati ya kitalu cha Mama Mabrouka alikuwa yeye.

Jua lilikuwa linagusa mlima alipofika. Taa zikawaka.

Mlinzi wa Verhaak alitoka kwenye kibanda cha umeme na Kalashnikov.

"Rudi ulikotoka, kaka."

Lasaad hakurudi. Aliingia chini ya mtutu, akampiga kiwiko cha koo, akamlaza. Beretta yake ikabweka mara mbili. Sanduku la umeme likatoa cheche.

Giza.

Mama Mabrouka alitokea amejitanda shuka la sufi.

"Leo ndiyo umeamua kuzima? Nilikuja kwako mwezi wa kumi, nikakwambia mzee wangu anaumwa kifua na halali kwa mwanga wako. Ukaniambia nimfunike uso."

"Nilisema hivyo, mama."

"Na ukacheka."

"Nilicheka."

Aibu ilimchoma. Akauliza kama kuzima kutasaidia.

"Mti haufundishwi baridi kwa usiku mmoja, mwanangu. Unataka majuma ya giza. Miche hii bado inadhani ni kiangazi. Si unaona ilivyo kijani?"

Aliona. Juma lililopita aliupiga picha ukijani huohuo, akaituma makao makuu Tunis kwa majigambo.

Walichoma majani makavu kati ya mistari mpaka alfajiri, ili moshi uikinge miche na baridi. Haukuwafaa. Kulipopambazuka kitalu kizima kilikuwa cheusi, majani yamenywea kama mboga iliyosahauliwa jikoni.

Land Cruiser nyeusi ikaegesha. Verhaak akashuka, amevaa uso wa msiba.

"Pole sana, mama. Ardhi hii sasa ni mzigo kwako. Mimi nitakutua."

"Umejuaje kama miche imekufa?" Lasaad aliuliza, akitoka nyuma ya banda. "Hujatupia hata jicho kitaluni."

Mkono wa Verhaak ulikimbilia koti. Wa Lasaad ulikuwa umeshafika. Bastola ya mgeni ikaanguka, pingu zikalia.

"Kituo, ndege yuko tunduni."

"Kazi safi, Lasaad. Hapa wanazungumzia cheo."

Akaizima redio. Hicho cheo kingenunuliwa kwa miche ya nani?

"Njoo huku," Mama Mabrouka alimwita.

Nyuma ya nyumba, mbele ya dirisha la mgonjwa, zulia zito la sufi lilining'inia kambani. Kivulini mwake, pasipofikiwa na taa, mlikuwa na mstari mmoja wa miche. Ilikuwa imepukutisha majani zamani, vichipukizi vimejifunga, vya kahawia, vigumu. Mama akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi.

"Ulisema mazulia yangu yanaiziba kamera yako. Ukaniamuru nitoe yote mawili."

"Naam, mama."

"Nilitoa moja. La pili nikajifanya nimesahau, mzee apate usingizi. Ningekuwa mtiifu kwako, leo nisingekuwa na hata mche wa kuanzia."

Lasaad alikuwa ameshawadanganya watu wa miji mingi bila kutetereka. Safari hii alisema ukweli.

"Nisamehe, mama."

Mama akagusa mche mmoja.

"Hii ya nyuma ya zulia imeshakusamehe. Ile mingine kaiombe mwenyewe."

Lasaad akavaa miwani yake ya jua kuficha macho, ingawa jua lilikuwa halijapanda vizuri. Kisha akatembea taratibu, mikono mifukoni, katikati ya miche iliyoungua, mstari baada ya mstari, hadi kwenye gari.