Unyayo wa Kushoto

Jioni ile nilirudi ukumbini kuchukua chaja ya kamera. Basi, hakuna zaidi.

Filamu yangu ni ngoma isiyo na mchezaji. Namwaga poda sakafuni, nacheza pekupeku, kisha napanda roshani kupiga picha za nyayo zilizobaki. Na zangu hazifichiki: kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto hakigusi chini, tangu kuzaliwa. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kucheza kabla mguu wake wa kushoto haujalemaa, alinionya siku ya kwanza tu.

"Unaacha nyayo wazi hivyo? Mtu akizizoa je?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi na uchawi wapi na wapi!

Sasa nimesimama mlangoni... sicheki.

Nyayo za kulia zilikuwepo zote. Za kushoto zilikuwa zimezolewa, moja moja, kwa ustadi, bila kuvuruga poda ya pembeni. Ukumbi ulinuka udongo mbichi.

Ukumbi una funguo mbili. Mmoja ninao mimi.

Mwingine anao dada.

Kwenye kona ya giza... kwaruu. Kwaruu. Kijiko kinakwangua ubao. Nikatimua mbio, chaja nikaisahau. Sikufika mbali, mguu wa kushoto ukafa ganzi.

Nilifika nyumbani nikiuburuta. Dada alinipokea, akanikalisha, akaenda jikoni kuleta maji ya moto. Nikamtazama akirudi na beseni.

Hachechemei.

"Dada... ulipita ukumbini leo?"

"Nikafanye nini huko? Lete mguu."

"Na wako?"

"Wangu umeamka vizuri. Hufurahi?"

Alinikanda taratibu mpaka nikaona haya kumshuku. Ndiye aliyeninunulia kamera, jamani! Lakini kucha zake zilikuwa na weupe. Unga, alisema. Na kweli, jikoni kulikuwa na unga uliokandwa.

"Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho ukumbini," nikasema, nikaangua kilio. "Filamu yangu imekufa."

"Haifi. Nitakuchezea mimi. Wewe shika kamera."

Kesho yake mchana alinibeba mpaka roshani, akashuka, akacheza. Mungu wangu, alicheza! Sikuwahi kumfundisha ngoma ile, na hakukosea hatua hata moja. Machozi yalinitoka, ya furaha na ya wivu. Alipotoka kwenye poda, nikavuta picha karibu.

Miguu ya dada naijua tangu utotoni. Vidole vyake vyote vinakanyaga.

Unyayo wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Nikashusha kamera.

"Mbona umeacha kupiga?" Sauti ilinong'ona nyuma yangu, na sikusikia mtu akipanda ngazi. "Endelea, mdogo wangu. Bado mguu wa kulia."