Uzi wa Nta Kwenye Kibao cha Saruji

Saa moja asubuhi Inspekta alikuta begi la mkwe wa dada yake mlangoni, limefungwa zipu. Barazani shemeji yake, fundi viatu, alikuwa akipiga msasa soli na wala hakuinua macho. Kilio kilitoka uani.

"Mkwe wangu kaiua!" dada alisema, akionyesha ua lake la okidi lililoning'inia ukutani. "Kaimwagia dawa ya madoa! Chupa nimeikuta hapa hapa. Nimeshawapigia simu kwao, leo anarudi, sitaki maneno."

Okidi ile dada aliipanda miaka mingi iliyopita juu ya kibao alichokitengeneza mwenyewe kwa saruji, mchanga na nyuzi za makumbi ya nazi. Sasa majani yamenywea, na ncha za mizizi ni nyeusi tii.

Mkwe alisimama mlango wa jikoni, macho mekundu. "Mama mdogo, nilikuwa nafua tu. Sijaigusa."

"Hamjawahi kukosana kwa ajili ya ua hili?" Inspekta aliuliza.

"Juzi nililalamika linadondoshea maji nguo zangu. Basi, ndiyo imekuwa nongwa."

Sababu ipo, chupa ipo. Kesi imekaa vizuri mno, na kesi za namna hiyo zilimtia Inspekta wasiwasi. Alikinusa kibao. Hakikuwa na harufu yoyote ya dawa. Alipokipapasa, vidole vilibaki na unga mweupe.

"Dada, kibao kipya huwa unakifanyaje?"

"Nakiloweka kwenye beseni wiki kadhaa, nabadilisha maji mpaka ukali wa saruji uishe. Ukikurupuka, mizizi inaungua. Lakini hicho ni cha zamani, kimeota utando wa kijani..." Dada akasogea, akakodoa macho. "He! Utando wangu uko wapi?"

"Na uzi huu?"

"Uzi gani? Mizizi ilishashika saruji yenyewe zamani. Nifunge ya nini?"

Chini ya majani kulikuwa na uzi mweusi, mnene, uliopakwa nta. Inspekta akageuka kuelekea barazani. Shemeji alikuwa bado anaisugua soli ile ile, imebaki nyembamba kama karatasi.

"Shemeji, nikate uzi wako kidogo niulinganishe na huu?"

Msasa ukasimama.

"Wiki iliyopita, dada yako akiwa safarini, nilikuwa nafunga kamba ya nguo," shemeji alisema taratibu. "Nikakigonga kibao, kikaanguka, kikapasuka. Vipande viko kwenye gunia chini ya benchi. Nikamimina kingine, kilipokauka tu nikalifunga ua, nikajua yamekwisha. Ningesema, ningesimangwa mpaka uzeeni."

"Uzeeni wapi tena, na umeshafika!" dada alifoka. Kisha akamtazama mkwe wake. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuonea." Akaenda mlangoni, akalishika begi alirudishe ndani.

Mkwe alimfuata, akalishika naye, wala hakuliachia. Alikuwa akimtazama baba mkwe wake.

"Baba, begi hili umenibebea wewe mpaka hapa mlangoni. Ukaniambia, 'Pole, mwanangu.'"

Shemeji akainamisha kichwa. Inspekta alimwonea huruma, ila si ya kumtetea.

"Nitarudi, mama," mkwe alisema. "Lakini kwetu naenda, maana wameshaambiwa mimi ni mharibifu. Na baba tunakwenda wote. Akawaambie wazazi wangu mwenyewe nani kaliua ua."

Shemeji akaweka soli chini, akaanza kutafuta viatu vyake.