Aliyeazima Sauti ya Mama Spika

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na siku ya mvua lile jengo la maduka hufurika watu, maana chini yake kuna stesheni ya treni, ubavuni kuna kituo cha mabasi, na abiria asiye na haja ya kununua hata sindano naye huingia kujifanya anapima viatu. Kila mmoja huingia na tope lake. Mzee wa usafi alikuwa anasukuma deki na kulalamika, na kulalamika ndiko alikokuwa fundi zaidi.

"Mama Spika," alisema, akaegemea dawati la maulizo. "Yule mama wa baibui aliyekuwa hapa sasa hivi, ametokea mlango gani?"

"Mlango wa mabasi. Kwani vipi?"

"Kanyeshewa na mvua yote hii, lakini sakafu yangu hajaiacha hata na tone."

"Basi mshukuru! Leo umepata mmoja mwenye adabu."

Mzee hakucheka. Akainama, akaigusa sakafu kwa kiganja, akaenda zake kimya, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Mama Spika ndiye aliyekuwa akitangaza pale: gari lililozuia njia, pochi iliyookotwa, mtoto aliyepotea. Sauti yake ilikuwa laini, wageni wengine walikuja dawatini wamwone mwenyewe. Ila kila ilipofika jioni koo lilikuwa limekwisha kabisa. Nyumbani alikuwa haiti mtu. Akimtaka bintiye alipiga makofi, pa-pa, na mtoto akaja mbio.

Yule mama wa baibui alikuwa amekuja kusema amepotelewa na mtoto.

"Pole sana, dada. Anaitwa nani?"

"Bado sijampa jina." Pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua. "Sauti yako tamu. Ningekuwa nayo, mtoto angekuja mwenyewe. Niazime."

Nani angeyachukulia maneno kama hayo kwa uzito? Mama Spika alikuwa na njaa, na foleni ilikuwa ndefu. "Chukua tu, dada yangu," alisema kwa utani. "Mimi mwenyewe imenichosha."

"Umesema mwenyewe," akajibu yule mama, akaondoka bila kumtafuta mtoto yeyote.

Sasa mzee alipokwisha kwenda, Mama Spika akatazama saa ya ukutani. Bintiye, waliyemzoea kwa jina la Kipusa, alikuwa darasa la pili. Kila siku alishushwa na basi la shule pale kituoni, akapanda ngazi za umeme, akaja kukaa nyuma ya dawati hadi mama amalize zamu. Na kwa kuwa watu ni wengi, mama alimfundisha jambo moja, akajisifia sana kwa hilo: "Humu ndani usimfuate mtu yeyote, hata akikupa peremende. Fuata sauti yangu tu. Ukinisikia kwenye spika nakuita, njoo ninakokuambia."

Kitufe cha maikrofoni kilikuwa kimezimwa. Mikono yake ilikuwa mapajani. Ndipo spika zote za jengo zikakohoa, na sauti yake mwenyewe, laini vile vile, ikasema:

"Kipusa, mwanangu. Usipande juu leo. Shuka kule chini kwenye geti la zamani. Mama yuko huku."

Hakuna mgeni aliyeinua hata kichwa. Mama Spika akaikamata maikrofoni, akabonyeza kitufe, akafungua kinywa apige kelele kwamba Kipusa asiende, kwamba huyo si yeye, na kinywani hamkutoka kitu ila hewa. Akajaribu tena. Hewa. Akashika koo kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, akaruka dawati, akampita mzee wa usafi akimvuta mkono wa shati.

"Mama Spika! Una nini? Sema basi!"

Angesemaje, jamani? Akashuka ngazi za umeme, mzee nyuma yake, akisukuma watu na mizigo yao, wengine wakamtukana, na huku juu ya vichwa vyao ile sauti ikiendelea kubembeleza, njoo mwanangu, umekaribia, usiogope giza, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikizidi kila alivyoshuka, hadi akafika kwenye ukumbi wa treni za zamani uliofungwa miaka mingi, akaona mnyororo wa geti uko chini, geti limeachia upenyo wa kutosha mtoto kupita, na mkoba wa shule wa Kipusa umeshaingia nusu upande wa pili.

Ndani ya giza yule mama wa baibui alikuwa amenyoosha mkono.

"Mama, mbona huku hakuna taa?" Kipusa aliuliza, akasita.

"Zitawashwa. Njoo kwa mama," sauti ya Mama Spika ikajibu, kinywani mwa mwingine.

Mtoto akainua mguu. Mama yake akapiga makofi: pa-pa!

Kipusa akageuka. Akamwona mama yake, akalia kwa hofu, akamkimbilia, na mzee wa usafi akalisukuma geti kwa bega, akaufunga mnyororo huku akinong'ona, "Nenda zako, hatuna kesi na wewe, nenda zako." Yule wa gizani hakupigana naye. Alibaki nyuma ya vyuma, akiitazama mikono ya Mama Spika kwa makini sana, kama mtu anayejifunza kusuka.

Mama Spika hakurudi kazini tena. Daktari alimulika koo, akasema ni zima. Shehe alisoma, akafukiza, akasema amemtoa shetani, lakini sauti haikurudi.

Jumamosi moja asubuhi, jua limejaa sebuleni, Kipusa alikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa, anasimulia habari za shule. Nyumba haikuwa na mtu mwingine.

Chumbani pakalia makofi. Pa-pa.

"Abee, mama!" Kipusa akaitika kwa mazoea, akainuka, na mikono yote miwili ya mama yake ilikuwa bado imeshika nywele zake.